Mke Mwenzangu na Kabati la Vanishi

Mwaka vita vilipokwisha, mume wetu Sattar alimruhusu mke mwenzangu kulipaka rangi kabati langu la vanishi, pale pale nyumbani kwetu Kibokoni, na mimi nikakaa mlangoni kumtazama. Alikuwa na mikono midogo isiyochoka. Alizisugua mbao kwa msasa mpaka mng'ao ukapotea, akapuliza vumbi, akafuta kwa kitambaa kibichi, kisha akapitisha kiganja taratibu kama anayempapasa mtoto aliyelala. Aliimba chini kwa chini, na Sattar, ambaye kwangu hakuwahi kushika hata nyundo, alimshikia kopo la rangi huku akicheka. Roho ikaniuma. Mwenzangu alipofika ubavuni mwa kabati, penye alama za meno ya mwanangu, aliyefariki kabla hajajua kusema, alisita.

"Dada, na hapa nipake?"

Akaipitisha ile rangi ya kijani kandokando yake kwa ncha ya burashi, polepole, akaziacha alama zile kwenye ubao wake wa zamani. Hapo ndipo wivu uliponizidi, kwani mtoto angalikuwa wake, mimi ningalilipaka kabati lote.