Folda ya Sharifa Inayofunguka Yenyewe

Saa moja asubuhi, jenereta inanguruma nyuma ya ofisi ya shirika moja la misaada mjini Rumonge, na Sharifa Nour anapita meza hadi meza akiwasha kompyuta. Anaandika neno la siri, anakunja mikono, anangoja. Folda moja inajitokeza yenyewe kwenye skrini. Hapo ndipo anashusha pumzi.

Ndani ya folda hiyo, inayotumiwa na kompyuta zote, mna picha za watoto waliopotezana na wazazi wao katika vita vinavyoendelea nchini. Mzazi akiketi mbele ya meza yoyote, anaziona zote. Mtoto akirudi kwao, picha yake huondolewa. Aliyeandika maagizo ya kuifungua folda kila mfanyakazi anapoingia kwenye kompyuta ni Sharifa, binti wa fundi cherehani wa hapa hapa mjini.

"Banataniya mimi," anasema akicheka. "Eti Sharifa anashinda kusalimia ma-ordinateri."

Utani huo wa kusalimia kompyuta una chanzo. Neno la siri lilikuwa salamu ya kila siku, "amahoro". Mwaka jana zikaja kompyuta mbili za msaada zenye kibodi ya Kiingereza, nazo zikapangwa kwa Kifaransa kama zile nyingine. Ukibonyeza A, inaingia Q. Na kwa kuwa neno la siri huonekana nyota tupu, nani angejua? Salamu ikakataliwa.

Karani Jephté, aliyepewa moja ya hizo mbili, hakutaka kumsumbua mtu. Akaingia kwa mlango wa uani, yaani kwa jina la kompyuta yenyewe lisilodai neno la siri. Folda haikufunguka, naye akahifadhi picha mpya ndani ya kompyuta yake tu. Kazi ikaendelea, kumbe mashine imejitenga na zile nyingine.

Ndipo akaja Mwavita, muuza samaki wa Magara, kumtafuta bintiye Bora. Aliketi mbele ya Sabine, karani wa meza ya jirani.

"Nikamuambia, mutoto haiko," anasema Sabine. "Akasema murakoze, akaenda. Ile asante yake inaniuma mpaka leo."

Picha ya Bora ilikuwa kwa Jephté, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Inauma kweli.

Sharifa aligundua kosa alipoandika neno lile kwenye kompyuta ya Jephté, mahali linapoonekana: q,qhoro. Akarekebisha kibodi, akahamisha picha zote, akamwona Bora, na jina la mama yake chini. Hakungoja kesho. Alidandia gari la wachuuzi wa samaki hadi Magara, kwa barabara ambayo wengi waliikimbia kwa hofu ya kuviziwa.

"Nilimukuta anaanika samaki ndogo ya ndagala. Nikamuambia, 'Mama Bora, mutoto iko.' Akanikamata mukono, hakuuachia mpaka Rumonge."

Ukimuuliza anatamani nini, Sharifa hataji mshahara wala kuhamia Bujumbura. Anaitazama folda kwenye skrini, kisha anasema taratibu:

"Siku moja niwashe, hii dosie ifunguke yenyewe, na ndani isiwe na mutoto hata mumoja."