Gramafoni ya Baba, Cherehani ya Mama

Leo nimeona gramafoni kwenye dirisha la duka hapa Nakuru, nikakumbuka. Ilikuwa Jumamosi moja saa tisa alasiri, landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi wa treni tulimokaa, zikinuka moshi wa treni na vitunguu vya kukaanga. Mama alikuwa akishona mlangoni. Karani wa duka akaja na vijana wawili na mkokoteni.

"Mama Njeri, bwana yako alichukua gramafoni kwa mkopo na halipi. Tunabeba cherehani. Si mlioana kanisani? Mke na mume ni mwili mmoja."

Mimi nilikuwa mdogo. Niliposikia mwili, nilidhani mkokoteni umeletwa kumbeba mama. Nikashika rinda lake, nikalia.

"Mwili ni mmoja, sawa," mama akasema, "lakini gramafoni alichukua peke yake. Cherehani niliinunua kwa jasho langu kabla hajanioa. Mngojeni arudi na treni, mumdai yeye."

Jirani yetu, Mama Achieng', akapaza sauti kutoka jikoni kwake: "Karani, kwani pombe yako hulipwa na bibi yako?"

Wanawake wa landi wakacheka mpaka karani akageuza mkokoteni, mtupu.

Siku hizi najua kwamba sheria ilikuwa upande wa mama. Siku ile nilijua tu kwamba hawakumchukua. Hata hivyo usiku nililala nimelishika rinda lake. Asubuhi nikamkuta anakoroga uji, anaimba. Nikanywa vikombe viwili, nikakimbia kanisani na wenzangu, hata sikumuaga.