Kaa la Moto kwenye Unyayo wa Mama

Mama aliweka chini kiazi alichokuwa anamenya, akaniangalia, akasema, "Colmán, kabla ya jioni nataka niwe nimekufa. Nenda kamwite mwombolezaji."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jamani, msinione nimechanganyikiwa. Haya yalitokea kwetu Mayo, miaka ile viazi vilipooza ardhini, na aliyekuwa anaongea ni mama yangu mzazi, Onóra, mzima wa afya, kiko chake cha tumbaku mdomoni.

Kodi hatukuwa nayo. Msimamizi wa bwana mwenye ardhi, jitu moja linaitwa Rudkin, alikuwa ametutangazia kwamba kesho anakuja na genge lake kutubomolea nyumba. Nje ilikuwa mvua ya theluji. Mke wangu, Sorcha, mimba ilikuwa imefika, wakati wowote anajifungua.

Kwetu hakuna anayethubutu kubomoa nyumba yenye maiti. Hata Rudkin asingethubutu. Watu wangemla mbichi.

"Mama, hiyo ni dhambi," nikamwambia.

"Dhambi ni mjukuu wangu kuzaliwa mtaroni. Lete shuka."

Basi. Tukamlaza mezani, tukamfunga kidevu, tukamfukuza paka asije akamrukia maiti. Nikamwekea sahani ya ugoro kifuani kwa ajili ya wageni, kama desturi. Sahani ikaanza kupanda na kushuka kwa pumzi zake! Nikaikwapua haraka, nikaiweka dirishani.

Siri tulikuwa nayo watu watatu tu: mimi, yeye na Sorcha.

Majirani wakajaa. Peig wa ng'ambo ya kijito, mwanamke ambaye mwaka mzima alikuwa anamwita mama yangu bahili, akajitupa mezani.

"Uuuwi, Onóra wangu! Mkono wazi kama wako nani atakuwa nao tena?"

Nikaona pembe ya mdomo wa mama inatetemeka. Nikamwinamia kumbusu, ili watu wasione.

Asubuhi yake uchungu ukamshika Sorcha nyuma ya pazia. Alikuwa analia yeye kule, na mwombolezaji wetu wa kukodi, Sibéal, analia huku, mpaka huwezi kujua nani anamlilia nani.

Hapo ndipo Rudkin alipoingia.

Vijana wake walipoona maiti wakavua kofia. Yeye hakuvua. Akaizunguka meza taratibu.

"Bibi huyu amejua kuchagua siku ya kufa," akasema.

Kisha akachukua koleo pale motoni, akaokota kaa jekundu la mboji, ule udongo mkavu tunaochoma badala ya kuni, akafunua shuka miguuni.

"Maiti haisikii maumivu, au nakosea?"

Akalibandika kwenye unyayo wa mama.

Ndugu zangu, nilisikia ngozi inaungua. Harufu ikajaa nyumba nzima. Sibéal akanyamaza. Nilimtazama mama usoni nikisubiri apige kelele, nikisubiri sote twende jela.

Hata kope haikucheza.

Nikaamini amekufa kweli. Nikalia kilio ambacho sikuwa nimekipanga.

Wanaume wa kijiji wakasimama na fimbo zao. Vijana wa Rudkin wenyewe ndio waliomvuta mkono. "Twende, bosi, humu hatutoki salama."

"Zikeni," akasema mlangoni. "Mkishazika, narudi."

Kabla ya mchana Sorcha akajifungua mtoto wa kike.

Ulipofika wakati wa kumweka jenezani, niliwaambia watu watoke nje, nataka kuagana na mama yangu peke yangu. Mlango ulipofungwa tu, jicho moja likafunguka.

"Kiko changu kiko wapi?"

Nilimkumbatia mpaka akanisukuma. "Mguu, mama?"

"Si kitu. Mara ngapi nimeungua jikoni?" Alikuwa ameshavaa soksi yake ya sufu. "Na yule Peig! Kumbe nilikuwa mtu mwema hivyo. Si angeniambia nikiwa hai?"

Tukacheka kwa kuziba midomo.

Nikambeba hadi darini, chini ya paa la nyasi. Nilidhani anataka kubebwa kwa sababu amekakamaa kwa kulala mezani. Jenezani nikaweka mawe nimeyafunga kwa magunia, nikapigilia misumari.

Njiani kuelekea makaburini mbebaji mmoja akahema. "Huyu bibi alikuwa anakula nini na njaa yote hii?"

Mtoto tukampa jina la Onóra, kwa kuwa ndiyo desturi, mtoto hurithi jina la marehemu. Mama akanong'ona kutoka juu, "Haya, sasa mmeniua kabisa."

Zikapita siku kadhaa, habari ikaja kwamba Rudkin anakuja kesho. Sasa kimeumana. Mama akionekana tu, tunafungwa sote, na kichanga mgongoni.

"Nitatoka alfajiri kabla hamjaamka," akasema. "Nakata mlima mpaka kwa dada yangu Meadhbh. Mtanikuta huko. Msinisindikize, mtaniponza."

"Na mguu?"

"Si kitu, nimeshakwambia. Unanichosha."

Kulipokucha, shali yake haikuwa kwenye msumari. Nikaita darini kwa sauti ndogo. Kimya. Nikashukuru Mungu, na Rudkin huyo mlangoni.

Walikata boriti kuu kwa msumeno, wakafunga kamba, wakavuta. Paa lote likashuka. Sikulia. Nilikuwa na mke, nina mtoto, na mama yuko salama ng'ambo ya mlima.

Tukatembea kwenye matope. Mama mdogo Meadhbh alitupokea mlangoni amevaa nyeusi, macho mekundu.

"Pole, mwanangu. Hii miguu yangu imeninyima hata kumzika dada yangu."

Nikachungulia nyuma yake. Karibu na moto kulikuwa na kigoda kimoja tu.

"Mama hajafika?"

"Mama yupi, Colmán? Si mmemzika?"

Sijui nilivyoushuka ule mlima.

Nilimkuta chini ya boriti. Alikuwa ameiweka shali yake mdomoni, ameiuma kwa meno. Nikamvua soksi. Unyayo wote ulikuwa mweusi, umeoza, mfupa unaonekana. Mama yangu asingeweza kuvuka hata uwanja wa nyumba, sembuse mlima. Alisikia msumeno. Alinisikia nikimwita. Alinyamaza kwa sababu sauti yake ingetupeleka jela na mtoto wetu.

Nilifukua kaburi lake mwenyewe, nikatoa mawe, nikamlaza. Hapakuwa na kiko wala Sibéal. Kijiji kizima kilishamlilia, nani angekuja tena?

Peig akapita njiani, akaniona nimepiga magoti kwenye udongo mbichi.

"Colmán," akasema kwa huruma, "mwache mama yako apumzike sasa."

"Ndiyo, Peig," nikamjibu.

Mimi si mtu wa mawaidha. Nina hili moja tu. Mzazi wako akikwambia "si kitu", usimwamini. Mvue soksi, uangalie.