Mshono wa Nyasi

Mama mkwe wangu mtaani wanamwita Sindano, na usidhani ni kwa sababu ya wembamba, maana yeye na mlango wa jikoni hupishana kwa adabu. Ni kwa sababu ya cherehani. Alishonea watu nguo katika chumba cha mbele cha nyumba hii mpaka macho yakaingia ukungu. Siku aliyoshindwa kabisa kutunga uzi, aliifunika cherehani kwa shuka akaiambia, "Haya, pumzika mwenzangu."

Mwaka huu binti yake wa pekee, wifi yangu, akapata mchumba, na gauni la harusi likakodiwa dukani. Mama hakusema neno. Mimi niliyeolewa humu ndani namjua: akinyamaza, kuna jambo. Mtoto yule alivalishwa na mkono wake tangu nepi, na sasa siku kubwa kuliko zote asivae hata kifungo cha mama yake! Iliniuma hata mimi, na wifi mwenyewe tunataniana hatuchoki. Baada ya siku chache Mama akatangaza kwamba sherehe itakuwa uani kwetu.

"Uani wapi, Mama?" wifi akacheka kwenye simu. "Pale penye nyasi rangi ya mkeka?"

"Zitakuwa kijani."

"Haya. Mwisho wa mwezi nakuja na mwenzangu. Tukikuta kijani, nyumbani. Tukikuta mkeka, ukumbini."

Kwenye duka la pembejeo, muuzaji alitutolea pakiti ndogo ya bei ya kutisha, yenye picha ya nyasi ambazo hata ndotoni haziko. Mama akamwomba amsomee kilichomo. Kisha akamwomba asome na kilichomo kwenye gunia la mbolea ya kawaida, ile watu wanayowekea mahindi na mboga.

"Mbona majina ni yale yale, mwanangu?"

"Ya pakiti inayeyuka polepole, Mama. Hii ya gunia ina haraka, ukizidisha inaunguza. Weka kidogo nyasi zikiwa kavu, halafu mwagilia maji ya kutosha. Na uigawe mafungu mawili: moja upite kwa urefu, la pili kwa upana."

"Nipimie ya gunia. Picha haioti."

Tulirudi tunacheka kama tuliookota dhahabu. Mama akatoboa kopo la maziwa kwa msumari, akatia humo fungu la kwanza la mbolea, akavaa buti za mume wangu, na futi yake ya kupimia nguo shingoni kwa mazoea tu. Akawa anakwenda kutoka getini hadi barazani, anageuka, anarudi, kopo likilia chaka-chaka na yeye akitingisha mabega. Mimi nilishika mpira wa maji. Ukaniponyoka, nikamlowesha mama mkwe wangu kuanzia kilemba! Nilisubiri kufukuzwa. Badala yake aliunyakua mpira akanilipa palepale, tukakimbizana uani mkwe na mkwe, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama tuko salama.

Fungu la pili alikataa kulimwaga. "Hili moja linatosha. Tusije tukaunguza."

Nyasi zikaitika. Mama, kwa macho yake yale, aliona kijani kitupu, akafurahi mno. Mimi niliona mistari. Kijani kipana, njano nyembamba, kijani, njano, imenyooka kutoka getini hadi barazani. Kila asubuhi aliniuliza, "Mkwe, zimekolea?" Nami namjibu, "Zimekolea, Mama," maana sikuwa na moyo wa kumkatia furaha.

Siku ikafika. Wifi akafungua geti, mchumba nyuma yake. Akasimama. Akacheka mpaka akachuchumaa.

"Mama! Umetandika kitambaa cha mistari?"

Tabasamu la Mama likakatika. Akanigeukia. "Mistari gani?"

Nikamweleza, nikitamani ardhi inimeze. Akapapasa kiti, akaketi. "Basi," akasema taratibu. "Nendeni ukumbini."

Wifi alivua viatu, akaingia kwenye nyasi, akaweka unyayo wake juu ya njano. Ulienea humo kamili. Akajaribu mstari wa pili, wa tatu. Upana ule ule. Kicheko kikamwisha.

"Mama, hii njano umeiacha makusudi?"

"Nilihofia mbolea isije ikapandiana ikaunguza. Kila nikipita naacha nafasi kidogo. Mkono ndivyo ulivyozoea."

"Nafasi ya mshono."

"Sasa ningebana? Kesho ukinenepa nguo utaiachia wapi?"

Mchumba ndiye aliyeanza kuangua kicheko, tukamfuata wote. Wifi alikuwa amemkumbatia mama yake, anacheka huku machozi yanamtoka. "Tunafanyia hapa hapa. Ukumbi gani utanishonea kitu?"

Mama akaruka kitini. "Mkwe! Leta lile fungu la pili nijaze kwa upana!"

"Hapana!" tukapiga kelele sote watatu.

Siku ya harusi wageni walilisifia gauni la kukodi, wakaendelea kula. Bibi harusi alitembea peku kutoka getini juu ya mstari wa katikati, na Mama, kiti cha mbele, akawa anamshika mkono kila anayepita na kumwuliza, "Umeuona mshono wangu?"