Boflo la Mtoni

Binti yangu hakuacha kanisa kwa siku moja. Aliliacha kama mteja mjanja anavyoliacha duka: maneno yanampungua, anatazama mlango, wewe unainama kukunja kitambaa, ukiinua kichwa hayupo.

Alianza kwa kunyamaza kwenye Kanuni ya Imani. Tulikuwa tukisimama benchi letu lile lile karibu na nguzo, tulipokaa watatu baba yake alipokuwa hai. Mimi nasema "Naamini", yeye kafumba mdomo. Mara ya kwanza nikadhani ana mafua. Jumapili ya pili nikamtegea sikio, maana mie kila kitu nakihesabu mara mbili. Ndivyo ninavyouza vitenge soko la Darajani na meza yangu bado ipo. Kimya tena.

"Mama, mle ndani kuna maneno siwezi kuyasema na nikawa mkweli," aliniambia tulipotoka.

"Kwani mie nayaelewa yote? Yale nisiyoyaelewa nawasemea wanaoyaelewa."

"Na wao labda wanakusemea wewe," akasema.

Baada ya Krismasi akahamia Mtoni. Si kwa kuishi, kwa kusali. Ni vijana wachache, walimu na wauguzi, na mmoja mtengeneza kompyuta ambaye ndiye aliyepanga ile nyumba ya ghorofani wanakokutana Jumamosi jioni. Hawana padri. Wanakaa duara, mmoja anasoma Injili, kisha wanaulizana: aliyeandika haya alikuwa wapi, alimwandikia nani, na nani hakuulizwa. Hakuna anayefunga mjadala. Binti yangu alinieleza haya yote na uso umemkunjuka, uso ambao benchini nilikuwa sijauona siku nyingi, na hapo ndipo paliponiuma.

Padri aliniambia niombe. Nikaomba. Lakini mtu wa soko huomba huku anatafuta bei, kwa hiyo jioni moja nikamkalisha binti yangu jikoni, nikaanzia juu.

"Kila Jumapili," nikasema.

"Krismasi."

"Krismasi ndiyo kwanza imepita. Unaniuzia embe la msimu ujao. Jumapili moja kwa mwezi."

"Pasaka."

"Pasaka na Ijumaa Kuu."

"Pasaka, mama. Na wewe uje Mtoni mara moja, ukae mpaka mwisho, na usigune."

La kuguna nilijaribu kulitoa, akakataa. Tukapeana mikono. Nilichokuwa nakitaka ni kidogo tu: siku ya Pasaka awe ubavuni mwangu, tuinuke pamoja twende altareni, tupige magoti bega kwa bega tupokee mkate na divai kama zamani. Hilo la kupokea sikulitamka. Niliona limo ndani ya bei.

Mwaka huo Kwaresma na Ramadhani zilipandana, mji mzima umefunga, kila nyumba kwa kitabu chake. Siku yangu ya Mtoni nilipita sokoni nikanunua mkate wa kumimina, ule mtamu wa mchele na nazi, wa chai ya Jumapili, nikautia mkobani, nikapanda ngazi za yule mtengeneza kompyuta. Viti havikulingana hata viwili. Wakanipa kile chenye mto.

Katika kuzungumza, kijana mwenye nyumba akasema ukweli kila mtu ana wake. Sikuguna, tulishapatana. Nikauliza tu, "Mwanangu, pale Darajani kila mwenye kitambaa angekuja na mita yake, ungenunua?"

Akacheka. "Bi mkubwa, na hiyo mita moja, aliyeikata ni nani?"

Wakanitazama wote. Mpaka leo nikipima kitenge kuna mteja mmoja nisiyemwona anayeniuliza swali lile.

Mezani kulikuwa na boflo moja, mkate wa kawaida wa dukani, na gilasi ya maji ya zabibu. Binti yangu akalishika boflo, akaomba kwa maneno yake mwenyewe, mafupi, kisha akalirudisha mezani. Hakuna aliyekula. Nikamuuliza kwa macho.

"Tunangoja adhana," akaninong'oneza. "Majirani wa chini wamefunga. Hatuwezi kutafuna juu ya vichwa vyao."

Nililipenda jambo hilo bila ya kutaka.

Mara hodi. Jirani wa chini, mwanamke wa makamo, mkononi sahani kubwa imefunikwa kawa. Binti yangu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia miguu mingi, nikasema hawa nao watakula nini? Ni mihogo na ndizi tu. Lakini nitolee sahani yangu, wageni wamenijaa leo, vyombo vimeniishia. Nnangoja hapa hapa mlangoni."

Mihogo ilikuwa na samaki juu na tui lake limekolea. Wakaimimina kwenye sufuria. Ikabaki sahani, na hapo nikaona vijana wanaangaliana, maana kisiwani hapa hata anayetilia shaka kila kitu hatilii shaka kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Jikoni kwa yule kapera kulikuwa na birika, chumvi, na nyanya moja iliyokata tamaa.

"Weka boflo," mmoja akanong'ona.

"Limeshaombewa."

"Si tulisema ni ishara tu? Mkate ni mkate."

"Basi weka wewe."

Hakuinuka. Binti yangu, aliyenihubiria wiki nzima kwamba mkate ni mkate, akanyoosha mkono, akaligusa boflo, akaurudisha mkono. Mkono ule naujua. Mimi ndiye niliyeufundisha, alipokuwa mdogo, kuwekwa wa kulia juu ya wa kushoto kabla ya kupokea. Akaniangalia, nikaelewa ananiomba nisiseme kitu.

Nikafungua mkoba, nikautoa mkate wa kumimina mzima, nikauweka kwenye sahani. Buriani chai yangu ya Jumapili.

"Ah, Bi, mmejisumbua," jirani akasema.

"Si taabu. Funga njema."

Hajafika chini, adhana ikaanza. Wakalimega boflo, likawa linapita mkono kwa mkono, na aliyenipa mimi alikuwa binti yangu. Nililishika. Lilikuwa bado laini. Nikafikiri: halikuombewa na padri. Nikafikiri mara ya pili, nikafika pale pale. Nikampa aliyefuata. Mihogo nilikula, tena nikaongeza.

Tulipokuwa tunashuka ngazi aliniambia, "Ahsante kwa mkate, mama." Sikujua anasema upi.

Idi ikapita, Pasaka ikafika, naye akaja. Alivaa gauni nililomshonea mwenyewe, akakaa ubavuni mwangu, na kwenye Kanuni ya Imani akanyamaza kama kawaida yake. Nilivumilia; nilikuwa naingojea altare. Zamu ya benchi letu ilipofika nikainuka. Yeye akasogeza magoti pembeni ili nipite.

"Twende," nikamwambia.

"Nenda, mama. Nitakushikia mkoba." Kisha, polepole kabisa, "Hilo hatukupatana."

Nikaenda peke yangu. Nilipiga magoti kati ya mzee mmoja na ukuta, nikapokea, na kwa mara ya kwanza maishani niliona altare iko mbali na benchi. Niliporudi alikuwa ameupakata mkoba wangu, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kama nilivyomfundisha. Sidhani kama alijua.

"Jumamosi mnakutana?" nikamnong'oneza.

"Tunakutana."

Wimbo wa mwisho ukaanza. Nyimbo hajaziacha, akaishika sauti ya pili, yote, mpaka kwenye ile kona wengi wanapopotea. Beti zilikuwa zimebaki mbili. Mie nikaimba polepole, nikimvuta mpiga kinanda nyuma, wimbo usiishe.