Sabuni ya Nyangeta

Wewe uliyezaliwa ukakuta sabuni zimepangwa dukani kwa rangi, kaa pembeni kidogo. Leo naongea na rika langu, sisi tuliosoma shule ya msingi Musoma enzi za foleni. Balozi wa nyumba kumi akitangaza kwamba sabuni imefika duka la kaya, hata mgonjwa alikuwa anaamka. Mche mmoja ulikatwa vipande, kila kaya na kipande chake, na hicho hicho kilikuwa cha nguo, cha vyombo na cha miili yetu yote. Kikiisha, tulifulia majani ya mpapai. Miguu tuliisugua kwa jiwe ziwani mpaka inang'aa, halafu mbio nyumbani kula ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na furu, samaki wadogo watamu ambao watoto wa leo hawawajui wala hawawaulizii.

Na bado kila Jumatatu paredini tulikaguliwa kola, kucha na nyuma ya masikio. Mwalimu wa zamu hakuwa na habari na hali ya uchumi.

Mdogo wangu Nyangeta ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza, na alikuwa na ukurutu, huu ambao siku hizi wanauita pumu ya ngozi. Viwiko, shingo na nyuma ya magoti vilikuwa vikavu, vimepasuka, anajikuna mpaka damu. Sabuni ya mche ilimuunguza. Asipoipata, uchafu ulimwingia kwenye vidonda. Siku moja mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani na ujumbe kwamba asionekane shuleni mpaka ngozi ipone, asije akaambukiza wenzake. Ukurutu hauambukizi, lakini nani angembishia mwalimu mkuu? Ikawa kila asubuhi tukiondoka, Nyangeta amekaa mlangoni na sare yake, anatuangalia.

Mama alivumilia siku mbili. Ya tatu akasema, "Huyu hatapoteza mwaka kwa ajili ya sabuni. Nitaipika mwenyewe."

Alikuwa hajawahi kupika sabuni hata siku moja. Alichojua ni muhogo, mikeka na kulea.

Baba alikuwa mvuvi, kambi yake kisiwani Rukuba, na miaka ile sangara walikuwa wamejaa ziwani, wanene, mafuta yanawatiririka. Mama akaanza na alichokuwa nacho. Aliyeyusha mafuta ya sangara, akachuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi na mabua ya mtama, akatumbukiza yai bichi. Kama yai litaelea, maji yamekolea. Likaelea, tukapiga makofi. Kilichotoka kilikuwa laini kama uji mzito, lakini kina povu la kweli! Jumapili tukaoga wote isipokuwa Nyangeta, tukaenda kanisani tunameremeta. Kabla ya mahubiri, benchi letu lilikuwa limebaki na sisi peke yetu. Wakati wa kurudi, paka wa mtaa mzima walitusindikiza mpaka nyumbani. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi nilidhani samaki nimewaacha Rukuba," alisema.

Mama hakucheka, ila hakukata tamaa pia. Jirani yetu Mama Magesa alikuwa na kaka aliyekuwa akivuka mpaka wa Kenya pale Sirari kwa njia anazozijua yeye, na kupitia kwake likapatikana kopo la kostiki, yale magadi makali ya kiwandani. Mafuta ya ng'ombe mama akayafuata kwao Butiama. Akavichanganya kwenye sufuria yake ya alumini, zawadi ya harusi. Jamani! Sufuria ilichemka bila moto, ikawa nyeusi, ikatoboka. Enzi zile sufuria ilikuwa mali. Mama akaitoa nje, akarudi na chungu. "Haya, tumejua," alisema, akaanza upya.

Safari hii vikatoka vipande vigumu, vyeupe, vizuri kabisa. Mama Magesa alimwonya kwamba sabuni mpya lazima ilazwe mwezi mzima kabla haijagusa mwili. Mama akavipanga chini ya kitanda na kutukataza kuvisogelea. Hakutuambia sababu.

Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimechoka kumwona Nyangeta pale mlangoni. Siku ya tatu, mama akiwa shambani, nikaiba kipande. Nikamwogesha mdogo wangu mwenyewe, nikamsugua vizuri viwiko na shingo, najiona nimekuwa mtu mzima. Kilio alichotoa mpaka leo nakisikia. Ngozi ilibabuka mikononi mwangu. Nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikajificha kusubiri fimbo.

Mama alipofika alimmwagia maji mengi, akampaka samli, akamlaza. Kisha akaniita. Hakushika fimbo. Alichukua kile kipande changu cha wizi, akakilowesha, akajisugua upande wa ndani wa mkono wake, akakaa hivyo bila kusuuza mpaka machozi yakamtoka.

"Hivi ndivyo alivyosikia mwenzio," alisema. "Sabuni mbichi inang'ataga. Ningekwambia tangu mwanzo, usingeichukua. Kosa ni letu wawili."

Nimeshapigwa sana katika maisha yangu, na viboko vyote nimevisahau.

Baada ya hapo alipanda lori mpaka Bunda kutafuta mafuta ya mbegu za pamba. Akayachanganya na samli ya Butiama, akapunguza kostiki, akakoroga nusu siku bila kubadilisha mkono. Vile vipande vya mafuta ya ng'ombe, vilipokomaa, akampa baba kwa ajili ya mikono yake ya magamba. Vichache alivisaga akaviyeyusha tena na maji ya mwarobaini, kwa ajili ya uso wangu uliokuwa umeanza kuota chunusi. Sabuni ya Nyangeta ilikaa peke yake juu ya kabati. Kila wiki mama alikwangua kidogo, akajipaka mkononi, akalala nayo, asubuhi anautazama mkono kwenye mwanga. Mkono wake ulijaa mabaka. Wiki ya tano haukuonyesha kitu.

Nyangeta alipoona beseni akaingia chini ya kitanda. Hakutuamini, na alikuwa na haki. Mama akaoga mbele yake. Nikaoga na mimi. Ndipo ukatoka mkono mmoja mdogo, mama akaupaka taratibu, tukasubiri.

"Haing'ati," alisema Nyangeta, akatoa na wa pili.

Siku kadhaa baadaye vidonda vilikuwa vimefunga. Mama akampeleka shuleni mwenyewe, akamkunja mikono ya shati mbele ya mwalimu mkuu. Yule mzee akageuza viwiko huku na huku, akakohoa.

"Aingie darasani," alisema. Halafu kwa sauti ya chini, "Na hiyo sabuni, Mama, haiwezi kupatikana hata nusu kipande?"

Miaka ya ruksa ilipofika, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa sabuni za kila harufu, na mama akakiweka chungu chini bila majonzi yoyote. Siku nzima alitembea akinusa kipande cha dukani kama mtoto aliyepewa peremende.

Sasa binti yangu anatengeneza sabuni huko Bweri. Ana mizani inayowaka taa, ana glavu, ana miwani, na kila kitu amekiona kwenye simu. Anazungumzia ngozi ya mafuta, ngozi kavu, ngozi mchanganyiko, mpaka unadhani amezigundua yeye. Mwezi uliopita alimfuata mama yangu na daftari. "Bibi, ile ya Shangazi Nyangeta, kostiki ilikuwa gramu ngapi?"

Mama akamshangaa. "Gramu ningeijulia wapi, mjukuu wangu? Nilikuwa naangaliaga mtoto. Akilia, napunguza."

Binti yangu akafunga daftari. Sabuni zake ni nzuri, nimezitumia, zinanukia waridi, na wateja wake wapo mpaka Dar es Salaam. Ila yeye anawapikia watu ambao hajawahi kuwaona sura. Mama alikuwa anampikia mtoto aliyekaa mlangoni na sare yake, akitaka kwenda shule.