Samaki wa Mwatum na Kompyuta ya Yumna

Mume wangu, Mungu amrehemu, alisomesha nusu ya watu wazima wa Wete, nami nikasomesha nusu iliyobaki. Nyumba yetu inajulikana, na tangu niwe mjane kazi yangu kubwa imekuwa kuhakikisha haijulikani kwa jambo jingine.

Binti yangu Yumna anasomesha hesabu. Akirudi skuli hufunga mlango wa chumba chake, huwasha kompyuta ya marehemu baba yake, ile inayoganda kila baada ya dakika kumi, na hutengeneza muziki. Si taarab. Huurekodi mlio unaotoka kompyuta ikiganda, huukata vipande, akavipanga upya. Faili likiharibika wenzake hulia, yeye hushangilia. Siku moja aliifungua picha ya harusi yangu kwa programu ya sauti, ikalia kama bati linaloburutwa juu ya saruji.

"Hapo ndipo ulipo wewe, mama," aliniambia.

Majirani nikawaambia mtoto anasahihisha mitihani.

Alasiri moja akaja Bi Mwanapili wa Wawi, mama yake Suhail. Sote tulijua amekuja kumtazama Yumna kwa ajili ya mwanawe. Nilitoa vikombe vya kabatini. Tulipofika kikombe cha pili, chumbani kukaanza: krrr, tik-tik-tik, mlio mrefu, kimya, kisha tena.

"Nini hicho, Bi Nadhira?"

Miaka thelathini na moja niliwakanya watoto wa watu wasiseme uongo, na ulimi wangu haukusita hata kidogo. "Friji, bibi. Limekufa tangu jana."

Akaweka kikombe. "Na samaki?"

Nilisahau kwamba friji la kwetu si la mtu mmoja. Jirani yangu Mwatum huweka kwangu samaki wake, wale changu, na mtaa mzima unajua, hata Wawi habari imefika. Kabla sijainuka mgeni alikwisha kufika jikoni, kanga kiunoni, tayari kuwaokoa. Akatoa changu mmoja aliyeganda kama jiwe, akamgonga juu ya meza. Ngo!

"Huyu kweli amekufa," akasema. "Lakini friji ni zima."

Kisha akautazama mlango uliofungwa, sauti ikamshuka. "Bibi, humo ndani mna nani?"

Niliogopa mwanangu aitwe mpiga kelele. Sasa alikuwa karibu kuitwa jina lisilotoka kwa sabuni yoyote. Nikaufungua mlango bila kubisha.

Yumna alikuwa peke yake mbele ya kompyuta. Bi Mwanapili alitazama nyuma ya mlango, akainama akatazama chini ya kitanda, ndipo akaketi.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Iache ilie."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mbaya sana," akasema. "Lakini baba yake Suhail akilala hukoroma hivihivi, na miaka arubaini sijamkimbia."

Posa ililetwa wiki ya pili. Yumna alikubali, kwa sharti kompyuta iende naye.

Mwatum alikuja kuchukua samaki wake siku ileile ya ugeni, maana habari za friji zilifika mtaani kabla Bi Mwanapili hajafika Wawi. Nimemwambia mara tatu kwamba ni zima. Hunijibu kwa heshima, "Ndiyo, mwalimu," na samaki wake huwapeleka kwa jirani mwingine.